Gari Lililozimika Kyzyl-Bel

Kwetu mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake. Nimeishi nyumba ile miaka kumi na mmoja na sijawahi kulitoa mdomoni, hata kwa bahati mbaya. Lakini kuandika si kutamka, kwa hiyo naliandika: anaitwa Toktosun, na katika vijiji vyetu vya juu ya mji wa Naryn sidhani kama kuna mwenye gari asiyemjua.

Ujanani aliendesha trekta la shamba la ushirika. Shamba lilipovunjwa na mali ikagawanywa, wenzake walichukua kondoo, yeye akarudi nyumbani na sanduku la spana. Walimcheka sana. Walimuuliza kama atazikamua maziwa. Akachimba shimo uani la kusimama chini ya gari, la kina cha mtu mzima, akalifunika kwa mbao, na magari yakaanza kuja. Hakuwa na bango wala mlango wa gereji. Mtu alipiga honi getini, mama mkwe wangu akatenga chai, na Baba akaweka ncha moja ya kijiti kwenye injini na ncha ya pili sikioni, macho kayafumba. Baada ya muda alisema, "Mkanda," au, "Vali ya tatu." Na kweli ilikuwa vali ya tatu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumimina chai. Nilimpa bakuli kwa mkono wa kulia, nikarudi kinyumenyume nisimpe mgongo. Mume wangu, Nurdin, alikwenda Urusi mwaka wa pili wa ndoa yetu, akapata kazi ya ghala huko Yekaterinburg, na huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo nilikaa na wakwe zangu wawili pamoja na binti yangu. Mama mkwe, Zuura, nilizoeana naye, tukacheka na tukagombana. Baba nilimheshimu tu. Yeye naye alinistahi, akikohoa kabla ya kuingia jikoni ili nipate nafasi ya kujifunga kitambaa changu vizuri.

Gari lake mwenyewe lilikuwa la Kijerumani, la mwaka tisini na mbili, rangi ya kahawia, lenye mgongo mrefu wa kubebea magunia ya viazi. Lilikuwa halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Vuli ya mwaka mmoja ndipo lilipoanza kuzimika. Likiwa baridi liliwaka mara moja tu na kwenda vizuri. Likishapata joto, hasa mlimani, lilikata ghafla bila hata kukohoa. Ukingoja nusu saa, linawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo.

Baba hakuhitaji hata kijiti. "Ni sensa ya krenki," alisema siku ya kwanza, tukiwa tumesimama kando ya barabara na viazi vyetu. "Kidude kidogo, kama kidole gumba changu. Kinahesabu mizunguko ya injini na kuiambia kompyuta lini ipige cheche. Kikizeeka, joto linakichanganya, kinasahau kuhesabu." Alikuwa akimwambia Mama, lakini nadhani alitaka nami nisikie, maana alipaza sauti.

Akaagiza sensa mpya Naryn. Ilikuja kwenye mfuko wa plastiki, akaingia nayo shimoni asubuhi, akatoka kabla ya chai ya saa nne mikono imejaa grisi na uso umejaa furaha. Akawasha. Gari likanguruma. "Umeona?" akamwambia Mama.

Baada ya wiki moja lilizimika tena, mahali palepale.

"Spea za siku hizi," akasema. "Wanatengeneza kwa matope." Akaagiza ya pili kutoka kwa muuzaji mwingine. Akaingia shimoni, akatoka, akawasha. Siku tano. Akaagiza ya tatu. Wakati huu hakumwambia mtu "umeona". Alipanguza mikono akaenda kukaa peke yake ukutani, penye jua.

Jirani yetu Jumadil, ambaye hawezi kuona jambo akanyamaza, alisimama getini akiwa juu ya farasi wake. "Toktosun, hilo gari lako ni kama mke wangu. Likishapanda joto haliambiliki!"

"Mkeo ana kosa gani?" Baba akamjibu. "Ningeishi na wewe, mimi ningezimika tangu siku ya harusi."

Walicheka wote wawili. Lakini niliona Baba alipogeuka. Na niliona pia kwamba mwezi ule honi getini zilikuwa zimepungua. Watu walikuwa wameanza kupeleka magari yao mjini.

Kisha akafa Batma.

Batma alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea Baba baada ya mama yao kufariki. Aliishi upande wa At-Bashy, ng'ambo ya mlima wa Kyzyl-Bel. Simu ilikuja alfajiri. Kwetu, zamani, maiti angelala siku mbili au tatu ndani ya hema, ndugu wakija kutoka kila upande kumlilia. Lakini watoto wa Batma wamekuwa watu wa dini sana, wakasema mama yao atazikwa leoleo, baada ya sala ya alasiri. "Mjomba, njoo mapema," alisema mwanawe wa kwanza. "Bila wewe hatuwezi."

Saa nne tulikuwa barabarani: Baba kwenye usukani, Mama kando yake, mimi nyuma na beseni la maandazi ya msiba mapajani. Baba alikuwa amevaa koti lake zito na kofia nyeupe ya manyoya.

Gari lilizimika mwanzo wa mlima. Tukangoja. Likawaka, likaenda kilomita tatu, likazimika. Tukangoja tena. Theluji ya kwanza ilikuwa imeshika kandokando ya barabara, na Baba alifungua boneti akawa anachota theluji kwa mikono yake mitupu na kuibandika ubavuni mwa injini, apoze kile kidude. Vidole vyake vikawa vyekundu. Mara ya tatu lilipozimika, lori la makaa ya mawe lilisimama, na dereva akachungulia.

"Mzee, mnaelekea wapi? Pandeni, nafasi ipo."

"Tunashukuru, mwanangu. Litawaka sasa hivi."

Mama akamshika mkono. "Mzee wangu, tupande. Ni Batma."

"Nimeiweka mwenyewe!" Baba akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Sensa ni mpya. Nimeiweka kwa mikono hii. Litawaka."

Lori likaondoka. Gari liliwaka baada ya nusu saa, likatuvusha kileleni, likazimika tena na tena kwenye mteremko wa upande wa pili, mpaka jua likaanza kuinama. Simu hazikuwa na mtandao.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Baba alishuka gari halijatulia vizuri, akaenda mbio akilia kwa sauti kubwa kama desturi inavyomtaka mwanamume alie anapofikia nyumba ya msiba, "Dada yangu, ee dada yangu, nani atanifunga vifungo sasa!" Wapwa zake wakamkumbatia. Mkubwa wao akasema, "Mjomba, tulikungoja. Wallahi tulikungoja mpaka jua likataka kuzama. Imamu akasema haifai." Baba akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, haifai. Kisha akaenda kaburini peke yake na akakaa huko mpaka walipomfuata.

Siku tatu baada ya kurudi, nilichukua lile koti nilifue. Mfuko wa ndani ulikuwa mzito. Nikatia mkono.

Zilikuwa sensa tatu. Kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Moja haikuwa imefunguliwa kabisa. Nyingine mbili mifuko imechanwa juu, lakini plagi zake zilikuwa safi, hazina hata mkwaruzo. Hata mtu kama mimi, ambaye siku hizo nilijua injini kwa sauti ya honi tu, niliona kwamba hazikuwahi kuchomekwa popote.

Nilizipanga kando ya beseni. Nilielewa jinsi ilivyokuwa. Aliiweka mpya mfukoni isichafuke, akaingia shimoni, akafungua ile ya zamani, akaisafisha kwa petroli kama alivyozoea kusafisha kila kitu. Ikang'aa mkononi mwake. Na katikati ya kusafisha na kurudisha, kitu fulani kilimtoka kichwani. Akairudisha ileile. Mara tatu.

Nilimpelekea Mama nikiwa nimezifunika kwa aproni. Alikuwa anakanda unga. Aliziangalia, hakuuliza ni nini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mama?"

"Si hizi." Akaendelea kukanda. "Mwezi wa nane alikwenda bombani kuchota maji, akarudishwa na mke wa Jumadil. Alikuwa amesimama njia panda na ndoo. Akasema alikuwa anatazama mawingu." Akapiga unga kwa ngumi. "Na mimi nikasema, haya, alikuwa anatazama mawingu."

"Tumwambie?"

"Umwambie nini? Umwambie hana akili? Uani kwake?" Machozi yalikuwa yanaanguka kwenye unga naye hakuyafuta. "Sikiliza, binti. Iwekwe hiyo mpya, gari litembee, naye ajue ameliponya mwenyewe. Basi. Ukimwona anakosea, mbadilishie kimyakimya. Usiseme kitu."

Ndipo tukapanga kwamba nitamwomba anifundishe. Kesho yake nilimkuta ukutani, nikasimama mbali kidogo, macho chini.

"Baba, nifundishe kubadilisha ile sensa."

Akanitazama kana kwamba birika limesema. "Wewe?"

"Nurdin hayupo. Siku nikijifunza kuendesha, likanizimikia nikiwa na mtoto peke yangu, nitafanya nini?"

"Utakaa kando ya barabara ulie, kama wengine." Lakini alikuwa anatabasamu. "Kavae gauni bovu. Hilo litaharibika."

Saa ile ya shimoni, niseme ukweli, ilikuwa miongoni mwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata katika nyumba ile. Tulisimama bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, gari juu ya vichwa vyetu. Baba alikuwa mtu mwingine. Alisema kwa urahisi, akanitania.

"Kwanza nini?"

"Sijui, Baba."

"Kwanza betri. Nimeshatoa waya wa hasi kule juu. Usipoutoa, siku moja utajikaanga kama nyama. Halafu?"

"Plagi?"

"Plagi. Bonyeza hicho kidole chake, usivute waya! Unavuta waya kama mkia wa mbuzi. Hivyo. Sasa spana namba kumi. Bolti ni moja tu. Ipige mafuta kwanza, ina miaka ishirini na saba hapo, imekuwa na mizizi."

Nilifungua. Akaniambia nisiing'oe sensa kwa nguvu, niizungushe taratibu, kushoto, kulia, mpaka ule mpira wake wa kuzibia uachie. Ilitoka na sauti ndogo ya kunyonya. Nilimpa. Akachukua kitambaa na petroli, akaanza kuisafisha, polepole, kila pembe, akinieleza kwamba vumbi la chuma hujikusanya kwenye ncha yake kwa sababu ina sumaku, na kwamba tundu lake nalo lazima lipanguzwe. Nilikuwa nimeishika ile mpya kiganjani, tayari nimeitoa kwenye mfuko.

Alimaliza kupanguza. Akainua mkono, akaanza kuiingiza ile ya zamani tunduni.

Ilikuwa rahisi sana. Ningesema, "Baba, niachie nijaribu," nikaichukua, nikaibadilisha mkononi, na asingejua kamwe. Ndivyo tulivyopatana na Mama. Lakini mdomo wangu, uliokaa kimya mbele yake miaka yote ile, ulinitangulia.

"Baba, hiyo ni ile ya zamani."

Mkono wake ukasimama. Akaushusha. Akanitazama kiganjani, akatazama cha kwake. Akaichukua ile mpya, akaziweka zote mbili pamoja kwenye kiganja chake cheusi, na niliona macho yake yakienda kwa moja, yakirudi kwa nyingine.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye koti lako, Baba."

"Zilikuwa ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Hata sasa ninapopika, ninapokamua ng'ombe, huwa naisema peke yangu: moja, Baba. Ilikuwa moja.

"Tatu," nikasema.

Nilisikia kuku wakitembea juu ya mbao. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayepima injini, "Kwa hiyo kila mara nilirudisha ileile."

"Baba, gari ni la zamani, pengine hata..."

"Na siku ile ya Batma." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Na lile lori nikalikataa."

"Baba..."

"Nyamaza, mwanangu."

Hakuwa amewahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Kule kwa Batma alikuwa amelia kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, kama inavyotakiwa. Humo shimoni hakutoa sauti yoyote. Aliegemea ukuta wa udongo, na uso wake ukalowa, akauacha hivyo. Kisha alininyooshea spana.

"Weka wewe. Bolti usiikaze sana, itakatika."

Nikaweka. Nikachomeka plagi mpaka ikalia, nikapanda juu, nikarudisha waya wa betri, nikawasha. Liliwaka. Mama alitoka jikoni anakimbia, akapiga makofi kama tulivyopanga, akasema, "Mzee wangu, umeliweza!" Kisha akamwona akipanda ngazi kutoka shimoni, akanitazama mimi, na mikono yake ikaanguka. Hakunilaumu siku ile wala siku yoyote. Afadhali angenilaumu.

Gari lile halijazimika tena mpaka leo. Tulilijaribu Kyzyl-Bel, kijana mmoja wa kijijini akiendesha, kwenda na kurudi, joto la kiangazi, mzigo wa magunia. Baba hakuja. Alifungia spana zake kwenye sanduku na mtu akipiga honi getini alimtuma Mama aseme yuko machungani.

Nurdin alikuja majira ya baridi, tukampeleka Baba kwa daktari mjini. Daktari alimuuliza mwaka, akamuuliza mwezi, akamwambia achore uso wa saa. Baba alichora duara zuri, akaishia hapo. Mama akakasirika. "Muulize kabureta! Hizo saa atazijulia wapi? Muulize kabureta uone!" Daktari, kijana mwenye adabu, akamuuliza. Baba alimweleza kabureta dakika kumi nzima bila kukosea. Mama akamtazama daktari kwa ushindi, naye daktari akaandika kile alichokuwa anataka kuandika.

Mwaka uliofuata vitu vilimtoka kimoja kimoja. Jina la Jumadil. Jina la binti yangu. Sensa ilimtoka, shimo likamtoka. Siku moja alilitazama akamuuliza Mama nani amechimba. Jina la Batma nalo likapotea. Nilifikiri, kama kuna huruma katika ugonjwa huu, basi ni hiyo, kwamba na siku ile itamtoka.

Haikumtoka. Ilimtoka sababu tu, ule uzito ukabaki. Kila asubuhi alivaa koti na kofia nyeupe, akaenda kusimama getini akiangalia upande wa mlima. "Tunachelewa," alisema. Ukimuuliza tunachelewa wapi, alikutazama kwa hofu, maana hakujua. "Tunachelewa, tunachelewa."

Nikajifunza kuendesha. Kila asubuhi, nikishakamua, nilimketisha kando yangu na kumpeleka mpaka darajani, kilomita mbili, nikageuza. Njiani alishikilia dashibodi kwa mikono miwili. Tukirudi uani nilizima injini, naye aligeuka kuniuliza, "Tumewahi?"

"Tumewahi, Baba. Walikuwa wanakungoja."

Basi uso wake ulilegea, akashuka, akanywa chai. Sasa nilijua kudanganya vizuri kabisa. Nilifanya hivyo majira mawili ya baridi na kiangazi cha katikati, na sikuwahi kuchoka, ingawa kila mara alipouliza "tumewahi" nilihisi kama nachomwa kisu kilekile.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilitoka zizini na ndoo, getini hapakuwa na mtu. Nilishtuka, nikafikiri amepotea. Nilimkuta ndani, amekaa kwenye zulia kitandani pake, bila koti, mikono mapajani. Mama alikuwa anamlisha mkate uliolowekwa kwenye chai.

"Baba," nikasema, "twende? Tunachelewa."

Alinitazama kwa upole, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba asiyeelewa lugha yake. Alifungua mdomo, si kwa kusema. Alikuwa anangoja mkate; kuchelewa nako kulikuwa kumemtoka.

Mama akanipa ishara nitoke. Nilikwenda nikakaa ndani ya gari uani, milango imefungwa, nikalia mpaka vioo vikafanya ukungu.